Namna ya kumsaidia mkulima mdogo ajaribu mbegu bora na aendelee nazo

Kama wewe ni bwana shamba, bibi shamba, kiongozi wa kikundi, au ni mkulima tu ambae umeshaona faida ya mbegu bora na unatamani majirani nao waipate, hapa naeleza unaanzia wapi na unafanya nini, toka kabla ya msimu mpaka msimu unaofuata. Ila niseme kwanza ninachokiamini maana kila kitu hapa chini kinatoka hapo: mkulima mdogo akikataa mbegu mpya mara nyingi hajakataa mbegu, amekataa kubeba hasara peke yake. Shamba ndo chakula cha nyumbani, ndo ada ya shule, ndo hela ya hospitali, sasa unakuja unamwambia atoe mbegu aliyoizoea toka enzi za wazazi wake apande kitu alichokisikia jana kwenye mkutano. Ikifeli wewe mshahara wako upo pale pale, yeye hana cha kuvuna mwaka mzima. Kwa hiyo kazi yako sio kumshawishi kwa maneno matamu, kazi yako ni kufanya jaribio liwe dogo, la bei rahisi, na liwe kwenye udongo wake mwenyewe, afu shamba lenyewe litamwonyesha.

Na tafadhali tuache kusema wakulima wetu ni wabishi au hawapendi maendeleo. Huko Marekani kwenye jimbo la Iowa mahindi chotara (mbegu inayopatikana kwa kukutanisha aina mbili tofauti) yalianza kusambaa mwishoni mwa miaka ya 1920, watafiti wawili, Bryce Ryan na Neal Gross, wakahoji wakulima 259 na wakachapisha matokeo mwaka 1943. Karibu wote waliishia kupanda chotara, waliobaki bila kupanda kabisa walikuwa wawili tu, lakini ilichukua zaidi ya miaka kumi mpaka kufika hapo. Wengi habari walizisikia kwanza kwa wauza mbegu, ila kilichowafanya waamue ni majirani zao, na hata walipoamua walianza na kipande kidogo, mwaka unaofuata wakaongeza, hivo hivo. Ukiona mkulima wako anaweka robo ya shamba kwanza ujue anafanya kile kile walichofanya wenzake, na ni akili nzuri.

Kabla ya mbegu, uliza

Usiende na pakiti mkononi siku ya kwanza. Nenda uulize anapanda nini sasa hivi na kwa nini. Kila mbegu ya kienyeji ina sababu ya kuwepo pale, hakuna mtu anaepanda kitu miaka ishirini bila sababu. Hii inakomaa mapema kabla mvua haijakatika, ile gamba lake limefunga vizuri fukusi hawaingii kirahisi, nyingine mabua yake ng'ombe wanayapenda, nyingine inaelewana na maharage ikichanganywa, nyingine unga wake ni mtamu basi. Ukileta mbegu inayozaa mara mbili lakini imemnyang'anya hivyo vitu vyote, atapanda msimu mmoja kukufurahisha wewe afu atarudi kwenye yake.

Njia ninayoipenda ni hii. Waambie waje na mbegu zao wenyewe, mahindi na gunzi lake, maharage kwenye viganja, mpunga na suke lake. Zipange chini, mwombe mmoja mmoja azipange toka anayoipenda zaidi mpaka anayoipenda kidogo, afu uliza kwa nini hii imekuja mbele ya ile. Andika sababu kwa maneno yake, sio kwa maneno yako ya kitaalamu. Akisema "hii haichoshi kutwanga" andika hivyo hivyo. Na hakikisha wanawake wapo na wanaongea, ikibidi kaa nao peke yao, kwa sababu sehemu nyingi wao ndo wanaochagua mbegu, wanaohifadhi, wanaopika. Mkutano wa wanaume watupu utakupa jibu moja tu, mavuno, utaondoka ukidhani umeelewa.

Ladha na mapishi sio mambo madogo hata kidogo. Mpunga wa IR8 uliotolewa mwaka 1966 na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga, IRRI, kule Ufilipino, ulizaa mavuno ambayo watu walikuwa hawajawahi kuyaona, lakini punje zake zilikuwa na weupe wa chaki, zinakatika kinuni, na wali wake ukipoa unakuwa mgumu. Ikabidi watafiti waendelee kutafuta nyingine zenye mavuno na ladha. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa nao yaliwakuta, vina vitamini A nyingi na watoto wanavipenda, lakini mbegu za mwanzo zilikuwa na maji maji wakati watu wazima wengi barani Afrika wanataka kiazi kikavu chenye unga. Kazi kubwa ikafanyika kupata vyenye rangi na ukavu kwa pamoja, na mwaka 2016 watu wanne waliosukuma kazi ya mazao yenye virutubisho vya ziada, Maria Andrade, Robert Mwanga, Jan Low na Howarth Bouis, wakapewa Tuzo ya Chakula Duniani.

Mfano mzuri kuliko yote kwangu ni mpunga wa Swarna-Sub1 wa India. Swarna ilikuwa tayari inapendwa na inalimwa na mamilioni ya watu, shida yake moja ilikuwa mafuriko. Watafiti hawakuja na mbegu ngeni kabisa, walichukua ile ile Swarna wakaiingizia uwezo wa kustahimili kuzama majini kwa muda wa wiki mbili hivi, mengine yote yakabaki kama mkulima anavyoyajua. Baadae utafiti uliofanyika jimbo la Odisha ukaonyesha waliopewa mbegu hiyo waliongeza eneo, wakaongeza mbolea, wakathubutu na kukopa, kwa sababu hofu ya kupoteza kila kitu ilipungua. Hapo unaona kabisa, hofu ikishuka mtu mwenyewe anawekeza bila kusukumwa. Kwa hiyo unapochagua mbegu ya kupeleka, tafuta ile inayotibu maumivu yao makubwa, iwe ukame, mafuriko, kiduha (gugu linalonyonya mizizi ya mahindi), ugonjwa wa batobato ya mihogo au chochote kile, bila kuwanyang'anya wanachokipenda.

Waambie ukweli kuhusu kurudia mbegu

Hili watu wengi wanalificha na ndo linaloharibu kabisa jina la mbegu bora. Mkulima amezoea kuchagua mbegu kutoka kwenye mavuno yake. Ukimpa mahindi chotara bila kumwambia kwamba hayarudiwi, msimu wa pili atapanda punje alizovuna, shamba litatoka moja refu moja fupi, mengine yanatoa mbelewele mapema mengine yanachelewa, mavuno yanashuka, afu kijiji kizima kitasema mbegu za kisasa zinaua ardhi. Sema toka siku ya kwanza: hii ni chotara, inazaa sana lakini kila msimu unanunua upya.

Kama kununua kila msimu ni mzigo, kuna mahindi ya uchavushaji huria, yani yanaachwa yachavushane yenyewe kwa upepo, hayo mavuno yake kwa kawaida yako chini ya chotara lakini unaweza kurudia misimu kama mitatu hivi ukichagua vizuri. Kuchagua vizuri maana yake ni kuchukua mahindi ya katikati ya shamba, sio ya pembeni ambako chavua ya jirani imeingia, chagua wakati mimea bado imesimama ili uone shina lenyewe kama lina afya na halina ugonjwa, usisubiri kuchagua kwenye rundo nyumbani ambapo unaona ukubwa wa hindi tu. Na shamba liwe mbali na mahindi mengine walau mita 200, au kama hakuna nafasi basi mpishane wiki tatu nne kupanda ili yasitoe mbelewele pamoja.

Maharage, mpunga, ngano, karanga na soya hayo yanajichavusha yenyewe, mbegu bora yake inaweza kurudiwa misimu kadhaa bila kubadilika sana ilimradi usichanganye na uondoe yenye magonjwa. Mihogo na viazi vitamu ndo tofauti kabisa, hapo mbegu ni pingili na marando, na ugonjwa wa virusi unasafiri humo humo ndani. Unaweza ukampa mtu mhogo bora kabisa na kwenye pingili hizo hizo ukampelekea batobato shambani. Kwa hiyo chukua kwenye shamba safi, kagua majani kabla ya kukata, na kwa mihogo kata na kiazi kimoja kimoja uangalie ndani kama kuna michirizi ya kahawia.

Pima uotaji mbele yao

Kabla hujagawa hata punje moja fanya jaribio la uotaji, na ulifanye na wakulima wenyewe wakiwepo. Chota mbegu kutoka juu, katikati na chini ya mfuko, changanya, hesabu 100 bila kuchagua nzuri. Zipange kwenye kitambaa au karatasi iliyolowa, zikunje, weka kivulini, hakikisha hazikauki wala haziogelei. Baada ya siku 7 fungua mhesabu pamoja. Kwa mahindi zikiota 90 na kuendelea safi, zikiota kati ya 70 na 89 ongeza kidogo idadi ya mbegu shimoni, zikiwa chini ya 70 rudisha, usimpe mtu. Kitu kidogo hiki kinajenga uaminifu kuliko hotuba ya saa nzima, kwa sababu mkulima anakuona wewe mwenyewe hauiamini pakiti kisa imeandikwa vizuri.

Mbegu feki zipo na zimewaumiza watu wengi. Wafundishe kununua kwa wakala aliesajiliwa, pakiti iwe imefungwa kiwandani, ina lebo, ina namba ya toleo na tarehe, wachukue risiti, na muhimu zaidi wasitupe pakiti mpaka wavune. Sehemu nyingine pakiti zina stika unayokwangua unapata namba unatuma kwa meseji kuhakiki, kama kwenu ipo waonyeshe namna ya kufanya kwenye simu zao wenyewe, usiwafanyie.

Vipande viwili, mbegu mbili, mkono mmoja

Hapa ndo penye kazi yenyewe kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chagua wakulima wachache wa kuanza nao. Makosa yanayorudiwa kila mahali ni kumchukua yule mwenye uwezo, shamba lake liko barabarani, ana pampu, ana hela ya mbolea, kila mgeni anapelekwa kwake. Majirani wanaangalia wanasema ah, yule angepanda hata majani yangezaa. Kule Malawi watafiti BenYishay na Mobarak walilinganisha nani anafaa kufundisha wenzake mambo ya mashimo ya kupandia na mboji, wakaona wakulima wa kawaida, wenye mashamba yanayofanana na ya wenzao, wakipewa motisha ndogo wanafanikiwa kuliko wale wakulima vinara. Mtu anajifunza kwa anaefanana nae. Kwa hiyo chukua mwenye shamba kubwa mmoja, mama anaelima peke yake mmoja, kijana aliekodi ardhi mmoja, mwenye udongo uliochoka mmoja, na wawe sehemu tofauti za kijiji ili kila mtu awe na wa karibu wa kumtembelea. Na kama wanatumia muda wao kufundisha wenzao wape chochote kwa hiyo kazi, mfuko wa mbolea au mbegu, usitegemee moyo tu.

Kila mmoja anatenga vipande viwili vilivyopakana, mita 10 kwa mita 10. Kimoja anapanda mbegu yake aliyoizoea, cha pili mbegu mpya. Siku moja, nafasi moja, mbolea kiasi kile kile kama anatumia, palizi siku moja, mkono ule ule. Kwa mahindi ukipanda sentimita 75 kati ya mistari na 25 kati ya shimo na shimo, punje moja moja, kipande hicho kinachukua mimea kama 530, ambayo ni robo kilo ya mbegu hivi na ya kujazia mapengo ikiwemo. Yani kilo moja inatosha wakulima wanne. Gharama ya kujaribu imeshuka mpaka hapo, na mtu akipoteza amepoteza kipande ambacho hakimlazi njaa.

Usifanye lile kosa la kupanda mbegu mpya na mbolea kamili afu ya kienyeji umeiacha bila kitu. Mkulima sio mtoto, ataona ni mbolea iliyofanya kazi na yuko sahihi. Kama unataka kuonyesha na mbolea basi pandeni vipande vinne, ya zamani bila mbolea, ya zamani na mbolea, mpya bila mbolea, mpya na mbolea. Hapo kila mtu anajionea mwenyewe nini kimeletwa na mbegu na nini kimeletwa na mbolea, na asie na hela ya mbolea anaona kama mbegu peke yake inamsaidia au la.

Kama una mbegu nyingi za kulinganisha kuna staili mbili zinazofanya kazi. Moja inaitwa mama na watoto, ilianzia Malawi miaka ya 1990 na Sieglinde Snapp, shamba moja kubwa la mama lina mbegu zote labda karibu na shule, afu mashamba madogo ya watoto kila mkulima anachukua mbili tatu tu anazozitaka. Ya pili kila mkulima anapewa mbegu tatu tofauti kutoka kwenye kundi kubwa, zimeandikwa herufi A, B na C bila majina, yeye anachotakiwa kusema ni ipi bora na ipi mbaya katika kila jambo, uotaji, ugonjwa, mavuno, ladha. Majibu ya wakulima wengi yakikusanywa unapata picha kubwa na hakuna aliebebeshwa kazi nzito. Hii ya pili naipenda kwa sababu jina la mbegu na sifa za kampuni haziingilii maamuzi ya mtu.

Weka kibao kwenye kila kipande, maandishi makubwa yanayosomeka kutoka njiani, jina la mbegu na tarehe ya kupanda. Watu wanapita kila siku kwenda mtoni, sokoni, shuleni, kile kibao kinafundisha hata siku ambayo wewe hujaja.

Siku ya shambani na siku ya mizani

Waite watu mara mbili. Mara ya kwanza ni pale shida inapoonekana, mfano mahindi yanatoa ndevu na mvua imekata, maana hapo ndo mahindi yanaumia zaidi kwa ukame na ndo utaona ipi imejikunja majani na ipi imesimama. Mara ya pili ni kuvuna. Siku zote mbili mwenye shamba ndo aongee, wewe kaa pembeni. Jirani atamuuliza maswali ambayo wewe hatokuuliza kamwe, kama ulipalilia mara ngapi, nani alikusaidia, ulipata wapi hela, na atayaamini majibu.

Siku ya kuvuna mizani iwepo. Acha mistari ya pembeni ya kila kipande kama unaweza, ukiiacha pima upya eneo lililobaki, vuna vyote siku moja, pukuchua, pima kwa mizani moja mbele ya watu, andika kwenye karatasi kubwa. Hesabu ni rahisi: kwenye kipande cha mita 10 kwa 10, kila kilo 1 ni sawa na kilo 100 kwa hekta, au kama kilo 40 kwa eka. Kienyeji ikitoa kilo 18 na mpya ikatoa 29, hiyo tofauti ya kilo 11 ni kama kilo 440 kwa eka. Sasa mwachie mwenye shamba apige hesabu mwenyewe kwa sauti, atoe bei ya mbegu, atoe bei ya mbolea na kibarua cha ziada, aone kama kinabaki kitu. Usimpigie. Hesabu aliyoifanya mtu mwenyewe hahitaji kuikumbushwa.

Baada ya mizani pikeni. Mbegu zote, ya zamani ikiwemo, zipikwe kwa namna ile ile, zipakuliwe kwenye sahani zenye herufi tu, watu waonje na wapige kura kwa kuweka punje kwenye kikombe cha herufi waliyoipenda. Na bakizeni mahindi yakiwa kwenye gunzi au punje za kila mbegu kwenye ghala la mtu mmoja, mkaangalie baada ya miezi kadhaa fukusi wamekula ipi.

Na kama mbegu mpya imeshindwa, sema imeshindwa. Waambie wazi kwamba kwenye udongo huu, mwaka huu, ya kwenu imefanya vizuri zaidi. Inauma hasa kama mradi ulikuwa na malengo ya kufikisha idadi fulani, lakini siku utakapoleta nyingine watakusikiliza kwa sababu wanajua hudanganyi. Kitu kingine cha kusema mapema, mbegu inayostahimili ukame haina maana haihitaji maji, ina maana itakupa kitu pale ambapo nyingine zingekupa sifuri au karibu na sifuri, mvua ikikosekana kabisa hakuna mbegu itakayozaa.

Hela, muda na soko

Mtu anaweza kuikubali mbegu kwa moyo wote na bado asiipande, kwa sababu msimu wa kupanda ndo msimu ambao mifuko imekauka. Watafiti Duflo, Kremer na Robinson walionyesha magharibi mwa Kenya kwamba wakulima wakipewa nafasi ya kulipia mbolea mara tu baada ya kuvuna, hela ikiwa bado mkononi, na wakaletewa bure, wanaotumia mbolea wanaongezeka. Fanya hivyo hivyo na mbegu. Siku ya mizani wakala awepo na daftari, mtu alipie au aweke akiba ya mbegu ya msimu ujao pale pale, hata kidogo kidogo kupitia kikundi. Omba wakala alete pakiti za kilo moja moja na zile ndogo zaidi, pakiti ya kilo 10 inamfukuza mtu mwenye robo eka.

Mi sina shida na kugawa bure zile robo kilo za majaribio, lakini kugawa bure mbegu ya shamba zima mwaka hadi mwaka naona inaua biashara ya wakala wa karibu, na mradi ukiisha mbegu imeisha. Na mkopo wa pembejeo usiusukume kwenye msimu wa kwanza, subiri mtu ajue mbegu inamfanyia nini kwake.

Muda nao. Mbegu ifike wiki kadhaa kabla ya mvua. Ikifika mvua imeshaanza, watu wameshapanda ya kwao, au watapanda ya kwako kwa kuchelewa, itazaa vibaya, na lawama itaenda kwa mbegu badala ya lori lililochelewa. Kama umechelewa ni bora useme msimu huu basi.

Soko ulizia mapema, kabla ya majaribio sio baada. Mnunuzi wa maharage anaangalia rangi na ukubwa, akikuta mchanganyiko anashusha bei au anakataa kabisa, na mbegu nzuri ya maharage yenye rangi isiyotakiwa sokoni ni hasara. Chukua sampuli mpelekee mnunuzi aione kwa macho.

Msimu wa pili mbegu iwepo

Hapa ndo wengi wanapoangukia. Watu wamehamasika, wanaitafuta mbegu, haipo. Kwa chotara huna namna zaidi ya kuhakikisha wakala ameagiza, mpe idadi ya watu waliolipia ili naye asiogope kuweka mzigo. Kwa maharage, mpunga, karanga, mihogo na viazi, kikundi kinaweza kuzalisha chenyewe. Kuna utaratibu wa mbegu za kuazimiwa ubora, FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, walitoa mwongozo wake mwaka 1993 wakauboresha 2006, ambapo wakulima waliofundishwa na kusajiliwa wanazalisha mbegu za kuuzia majirani na mkaguzi anapitia sehemu ya mashamba badala ya yote, kwa hiyo gharama inakuwa chini. Ulizia kwa mamlaka ya mbegu ya nchi yako kama wanauruhusu na masharti yake, usiuze mbegu kienyeji ukaingia matatizoni.

Mbegu inayohifadhiwa ikauke kweli kweli, unyevu asilimia 13 au chini yake. Kama hamna kipima unyevu tumieni chupa na chumvi: chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, weka punje mpaka kama theluthi, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyokauka, funga, tikisa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo mbegu ina unyevu wa zaidi ya asilimia 15, rudisha juani. Isipoganda iko chini ya hapo, lakini kwa mbegu ongeza siku moja mbili za kuianika ili uwe na uhakika. Afu weka kwenye mfuko usiopitisha hewa au dumu lililofungwa vizuri, lijae mpaka juu, andika jina la mbegu na tarehe.

Na mtu akitaka kubaki na mbegu yake ya zamani kwenye sehemu ya shamba mwache, tena mtie moyo. Ugonjwa mpya ukija au hali ya hewa ikigeuka, mwenye mbegu mbili ana pa kukimbilia, na hizo za kienyeji ndo watafiti wanazozirudia wakitafuta sifa mpya.

Msimu wa pili ukianza usihesabu waliopanda tu, watafute waliojaribu wakaacha. Nenda kwao bila kulaumu, uliza ulipenda nini, ulichukia nini, na ungeipata mbegu kwa shida kiasi gani kama ungeitaka tena. Tavneet Suri alichambua wakulima wa mahindi nchini Kenya, kwenye kazi aliyoichapisha mwaka 2011, akakuta kuna watu ambao chotara ingewalipa sana lakini hawaipandi kwa sababu kuifikia ni gharama kubwa mno kwao, na kuna wengine ambao haiwalipi hivyo, kwa hiyo kuacha kwao ni hesabu sahihi. Hao wa kwanza wanahitaji wakala karibu, sio semina nyingine. Hao wa pili wanahitaji mbegu tofauti. Andika majibu yao na majina ya sehemu mashamba yao yalipo, na uyapeleke kwa wakala na kwa kituo cha utafiti kabla oda ya msimu ujao haijafungwa.